Neno la Kwenye Kidaraja

Kwa miaka tisa Koleta amekuwa akiwauliza watu wa Tabora maswali yale yale, na bado wapo majirani zake wa Cheyo wanaoamini kwamba anakitafutia chama fulani wanachama. Ameapa, ameonyesha kitambulisho, amechoka. Taasisi anayoifanyia kazi haina chama. Hukusanya maoni ya wananchi kuhusu uchaguzi na uongozi, kisha huwapelekea wakubwa wayasome. Kazi yenyewe anaipenda. Ila kuna kijiji kimoja, njia ya Ulyankulu, ambacho akikikumbuka furaha yote hutumbukia nyongo.

Huko alimkuta Esperansi, bibi wa miaka sabini na kitu, aliyetoka Burundi akiwa msichana na kupewa uraia akiwa na wajukuu. Alikuwa barazani akitunga majani ya tumbaku kwenye kamba, wakwe na majirani wamemzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

Koleta akafungua kishikwambi, akauliza. Viongozi? Wazuri. Kupiga kura? Hakuna shida. Kikwazo chochote? "Hakuna, tunaishukuru serikali." Maswali arobaini, shukrani arobaini. Koleta akafunga fomu, akaaga, na moyoni akafurahi kwamba kazi imeisha mapema.

Lakini mgeni husindikizwa. Esperansi akachukua fimbo, akamfuata akichechemea mpaka kwenye kidaraja cha magogo, pasipo na sikio la mtu. Hapo ndipo akasema.

"Mwanangu, pale barazani sikuweza. Uraia tulipewa, aliyepewa halalamiki mbele za watu. Kituo changu cha kura kiko ng'ambo ya mbuga, na mguu huu haufiki. Tangu niwe Mtanzania sijapiga kura hata moja. Nataka nipige kabla sijafa. Waambie watusogezee sanduku, wazee tuko wengi."

"Nitayafikisha, mama. Niamini."

Mnyamwezi gani asiyejua kwamba maneno ya barazani ni heshima, na ya njiani ndiyo mazungumzo? Koleta alijua tangu utotoni. Mama yake mwenyewe hakumwambia mtu neno zito ila akimsindikiza. Hata hivyo alikuwa amefunga fomu barazani, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Ofisini Gongoni, Murtaza, kijana anayesimamia takwimu, alimsikiliza hadi mwisho. "Dada Koleta, maneno ya nje ya fomu siwezi kuyaingiza hivi hivi. Rudi kwake, mwombe ridhaa, tuifungue upya. Una wiki mbili."

Wiki mbili! Mvua ikanyesha, bodaboda wakalikataa lile tope, binti yake akaugua, vijiji vingine vikamngoja. Visingizio havimkosi anayevitafuta. Siku ya kumi na nne ilimkuta nyumbani anafua, na mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake.

Ripoti ikatoka, nzuri, yenye jalada la rangi. Ilisema kwamba katika kata ile watu tisa kati ya kumi hawana kikwazo cha kupiga kura. Uchaguzi ukaja ukapita. Vituo vilibaki vilipokuwa.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Babu wa babu yake Koleta alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu za watu kutoka Tabora hadi pwani, miezi kwa miguu, na ukoo bado unajisifu kwamba hakutupa mzigo wa mtu njiani. Koleta alipewa sentensi chache tu azifikishe mjini. Hilo linamuuma hadi leo.

Awamu ya pili ya kukusanya maoni ilipofika, aliomba mwenyewe apangiwe kile kijiji. Esperansi alimpokea vizuri, akampa kiti na karanga, akajibu yote: hakuna shida, tunashukuru. Safari hii Koleta hakufunga fomu. Aliinuka nayo ikiwa wazi mkononi, akaaga, akasubiri kidogo.

"Haya mwanangu, safari njema," Esperansi akasema, akavuta jani jingine la tumbaku. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na goti lake. Hakuigusa.

Koleta alikwenda peke yake hadi kidarajani. Akasimama pale muda mrefu, akitazama nyuma.