Pipa la Samaki la Sista Kareni

Jirani yangu hapa Mpanda hutengeneza achari kila Ijumaa, na chumba changu kimetengwa na chake kwa ukuta usiofika dari. Siki ikimiminwa kule, mimi huku mate yananijaa mdomoni. Si mate ya hamu, ni yale mepesi yanayotangulia kutapika. Nimehama miji saba maishani mwangu, na katika yote saba nimeshindwa kumweleza mtu kwa nini nasukuma sahani nikinusa siki. Leo nitawaeleza ninyi, mradi msiwe mnakula.

Nilizaliwa karibu na Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wakati Mwingereza bado anatutawala. Baba alifanya kazi reli, akirudi nyumbani Jumamosi akinuka grisi. Sisi wengine, yaani mama, bibi mzaa baba, na mimi mtoto pekee, tulilima karanga na mihogo kando ya njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe ilikuwa imebaki mchirizi tu katikati ya miyombo, lakini Bibi aliizungumzia kana kwamba wapagazi wamepita asubuhi ile. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu begani hadi pwani na kurudi mara tatu.

Misheni ilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na Sista Kareni, Mdenmaki mrefu mwenye mikono myekundu kama mtu aliyetoka kufua muda huo huo. Kila Jumanne sisi watoto tulipangwa foleni tukanyweshwa mafuta ya samaki. Kijiko kilikuwa kimoja, kikubwa, cha bati. Kilitoka kinywa hiki kikasuuzwa kwenye bakuli na kuingia kinywa kile, na kufika saa nne maji ya bakuli hilo yalikuwa na utando unaong'aa, na ndani ya utando kuna vitu ambavyo sikutaka kuvitazama. Mafuta yalikuwa mazito, ya uvuguvugu wa jua, yakiteremka kooni polepole kama konokono. Siku nzima ukicheua, unamcheua samaki.

Juu ya bakuli ilitundikwa kalenda yenye picha ya mji wa kwao Sista. Ilikuwa lazima uinue uso ili kijiko kiingie, na ukiinua uso unautazama ule mji. Kwa hiyo niliujua kwa tumbo kabla ya kuujua kwa macho. Nyumba zenye paa nyekundu zimebanana ufukweni, mnara wa taa mweupe, na bahari ya kijivu. Niliamini kabisa kwamba bahari ile ni mafuta matupu, na kwamba watu wa huko huchota kwa kijiko.

Jina la mji lilitushinda kulitamka, tukauita Kwao-Sista. Yeye alipenda kuusimulia akifunga vidonda. Zamani sana, alisema, samaki walikuwa wengi mpaka mashua zilikwama kati yao kama mkokoteni kwenye tope. Wafanyabiashara walikuja kutoka nchi za mbali, wakaleta chumvi, wakaondoka na mapipa ya samaki, na mji ukajengwa kwa fedha hiyo. Kanisani mwao meli nzima, ndogo lakini kamili na matanga yake, imening'inizwa kwenye dari, ili wavuvi wakumbukwe. Wageni hutoka mbali kuja kuiona. Na siku moja manowari za Waingereza zilikuja zikaupiga mji mizinga.

"Hata ninyi?" Bibi aliuliza, akasahau jipu lililomleta.

"Hata sisi," Sista akajibu.

Bibi alilifikiria hilo, akaonekana kuridhika. "Basi mji wenu na Tabora ni ndugu," alisema. "Na sisi tulijengwa na watu wanaopita na mizigo. Chumvi ilitoka Uvinza. Ila mizigo mingine ilikuwa na miguu na minyororo, hiyo hatuitundiki kanisani."

Sasa niwaambie kilichokuwa kinatafutwa. Sista alikuwa akitafuta mwanamke mmoja wa pale kijijini ili yeye Sista amfundishe ukunga. Mama aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Kabla yangu alizika watoto wawili, wote walikufa siku waliyozaliwa, na wote wawili aliamini wangepona kama angekuwepo mtu anayejua. Lakini mama alikuwa na kinyaa. Kuku akipasuliwa, aligeuza uso. Mtoto wa jirani akitapika, mama naye alishika ukuta. Na Sista alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia kwa kila mwanamke aliyeulizia kazi ile: "Mkunga hana kinyaa."

Mvua za kwanza ziliponyesha na kumbikumbi wakaruka, mama akamkaribisha Sista nyumbani. Aliwakaanga vizuri kwa chumvi, wakawa wanang'aa na kunukia kama karanga, akamwekea bakuli zima. Sista alikula. Alikula mmoja mmoja, amenyooka kama yuko kanisani, akasema asante, akaomba kuongezewa. Mama alifurahi mpaka akaimba akiosha vyombo. Kabla ya kuondoka Sista alizunguka nyuma ya ghala la mahindi kuangalia, alisema, mbuzi wetu. Mama akatoka kumsindikiza. Mimi nilibaki nikilamba bakuli.

Wiki chache baadaye, karibu na Krismasi, Sista akatualika sisi watatu nyumbani kwake. Njiani mama alinishika sikio. "Kalunde, utakachopewa utakimeza. Ukinitia aibu leo, kazi imekwenda."

"Na kama ni mafuta?"

"Hata kama ni mafuta."

Haikuwa mafuta. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe, chenye maua madogo ya bluu yaliyotariziwa pembeni, na katikati palikuwa na pipa dogo la mbao ambalo, Sista alieleza huku macho yakimng'aa, mama yake mzazi alilituma kwa meli na treni kutoka Kwao-Sista. Alilifungua kwa bisibisi. Harufu ikatoka kwanza, ikasimama chumbani kama mtu. Ilikuwa siki, na chini ya siki sukari, na chini ya sukari kitu ambacho kwetu huzikwa.

Samaki walikuwa wabichi. Sikuambiwa, niliona. Ngozi ilikuwa ya fedha bado, nyama ya kijivu inateleza, na vitunguu vimeinatia kama kucha zilizokatwa. Tulipewa kila mmoja kipande juu ya mkate mweusi. Mama alikitia chake mdomoni chote kwa mara moja. Niliona koo lake likipanda, likashuka, likapanda tena, jasho likamtoka juu ya mdomo. "Mtamu," akasema.

Nikatia changu. Kilikuwa baridi. Kililala juu ya ulimi wangu kama ulimi wa pili. Nilimtazama mama, nikajaribu, nawaapieni nilijaribu. Kisha tumbo likaamua lenyewe, na kipande kikaruka kikaanguka katikati ya kitambaa cheupe, juu ya ua la bluu, pamoja na mate na uji wa asubuhi.

Sista aligeuka mwekundu hadi shingoni. Ndipo mama alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Alinyoosha mkono, akakiokota kile kipande nilichokitema, akakitia mdomoni mwake, akakitafuna, akakimeza.

"Samahani, Sista," alisema. "Mtoto hajui chakula kizuri."

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Bibi. Alikuwa amekishika kipande chake kwa vidole viwili, amekipeleka mbali na pua.

"We Sista! Huyu samaki alikufa lini? Mlimzika mkamfukua?"

"Mama!" mama yangu akanong'ona. "Tafadhali."

"Niache. Sista, nakuuliza wewe. Kwenu hakuna moto? Kuni zimeisha? Au mnafuga uvundo kwenye mapipa kama wengine wanavyofuga nyuki?"

Mama alifunika uso kwa viganja. Nilijua kazi imekwenda, na nilijua ni mimi niliyeiondosha. Lakini Bibi alikuwa hajamaliza.

"Usinitazame hivyo, nakutukana kwa haki. Baba yangu alipofika pwani na pembe begani walimlisha papa mkavu. Akawaambia wananuka. Wao wakamwambia mla wadudu wewe. Wakachekana mpaka usiku, na tangu siku hiyo ni watani, sisi na wao. Mtani humtukana mwenzake na mwenzake hakasiriki. Akifiwa, mtani huja kuwachekesha wafiwa. Njia nzima hii, kutoka hapa hadi baharini, tulipita kwa namna hiyo, la sivyo tungeuana. Na wewe umetoka pwani. Pwani ya baridi, lakini pwani. Haya, lete majibu!"

Sista alitazama pipa. Akatazama kitambaa chake. Nilifikiri atalia.

"Ninyi," alianza, Kiswahili chake kikimkwama, "ninyi mnakula wadudu wa kwenye taa! Mabawa yao yalinikaa kwenye meno siku tatu! Nimepiga mswaki mpaka fizi zimetoka damu!"

"Ehee!" Bibi akapiga meza. "Mtani ameongea!"

Sista akacheka. Alicheka vibaya, kama anayekohoa, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha safi ya kile kitambaa. Mama alicheka pia, ingawa mkono wake ulikuwa tumboni. Mimi tu sikucheka. Nilikuwa nikitazama mdomo wa mama, nikifikiria kilichopita humo.

Januari mama akaanza mafunzo. Alizalisha watoto wa kata nzima kwa miaka ishirini na tano, na sikumwona akigeuza uso tena. Utani nao ulishika. Bibi alipofariki, Sista alikuja msibani na viatu vyake vikubwa, akakaa ukingoni mwa kaburi, akawazuia wanaume kuushusha mwili mpaka alipwe bakuli la kumbikumbi. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Baada ya uhuru alirudi kwao, na barua zake zikakoma polepole.

Miaka yote hiyo niliamini mama alikila kile kipande kwa sababu ya kazi. Nililichukia jambo hilo, nikamwona amejidhalilisha kwa Mzungu, na labda ndiyo sababu nilianza kuhamahama mapema. Mama alipokuwa mzee nilimuuliza waziwazi. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho.

"Siku ile alipokula kumbikumbi wetu," alisema, "alikwenda nyuma ya ghala. Nilimfuata kumsindikiza nikamkuta anatapika. Hakuniona. Nikarudi nyuma kimya. Alipoondoka nilikwenda nikafukia kwa mguu, usije ukaona ukamwambia mtu. Sasa ningemwacha aone chakula cha mama yake kimelala pale?"

"Na kinyaa chako?"

"Kilikuwepo. Kila mtoto niliyemzalisha, kilikuwepo."

Miaka mitano iliyopita chama chetu cha ushirika kilinipeleka Denmark kwa kozi ya wiki sita. Jumapili moja nilipanda treni, kisha basi, nikafika Kwao-Sista. Paa nyekundu zilikuwepo, mnara wa taa ulikuwepo, na meli ilining'inia kanisani kama alivyosema. Vyote vilinichefua. Watalii walipanga foleni kwenye nyumba za kukaushia samaki, wakila wima, mafuta yakiwachuruzika hadi kwenye viwiko, na upepo ulinipuliza usoni harufu ya ile foleni ya Jumanne. Hakuna bango lililosema chumvi ilibebwa na nani.

Sista nilimpata nyuma ya kanisa, chini ya jiwe dogo. Majani yalikuwa yamekatwa sawasawa kama nywele za askari. Mahali pasafi, kimya, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko uvundo wote. Niliona wazi kwamba hakuna mtu aliyecheka siku alipozikwa. Watani walikuwa hawajafika.

Nilikuwa nimenunua gatini chupa moja ya wale samaki. Nikaifungua.

"We mtani," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja mwenye mbwa akageuka. "Mji wenu bado unanuka. Nimekuja mbali hivi kuona kama mmejifunza kupika, kumbe wapi. Na hayo mabawa, nasikia yangali kwenye meno yako. Bibi anakungoja huko uliko akuonyeshe namna ya kula kama mtu."

Nikachukua kipande kwa vidole, nikakitia mdomoni. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nimekula vya kila mji niliopita, nilidhani nimekua. Kililala juu ya ulimi wangu kama ulimi wa pili. Nilijaribu, nawaapieni. Kisha nikainama, nikakitema kando ya jiwe.

Nikatazama kulia na kushoto. Mwanamke na mbwa walikuwa wamekwenda. Nikasogeza majani yale safi kwa ncha ya kiatu, nikachimba kidogo, nikafukia, nikakanyagia vizuri kwa mguu.