Pilau Chini ya Kitenge

Kilichomshangaza Sibomana asubuhi ile ni midomo. Alikuwa amekaa barazani kwa Mzee Hamadi Munyaneza, mwuza vitambaa wa hapa Gisenyi, na kila kijana aliyeitwa ndani kuomba kazi ya kuuza dukani alitoka anapangusa mdomo. Kazi amekosa, ananuka bizari, na ukimwuliza ameulizwa nini, anaangalia pembeni. Usaili gani huu, watu wanaingia na njaa wanatoka wameshiba?

Na yeye kazi aliihitaji kweli. Kwao ni Nyamyumba, watu wa mitumbwi, lakini akipanda mtumbwi tu tumbo linageuka. Alitapika ziwani mpaka samaki wakamzoea. Siku akichelewa wanasogea ufukweni kumwulizia. Kaka yake alishamwambia: ukikosa kwa Hamadi, kasia lako liko tayari.

"We wa Nyamyumba, ingia!"

Aliingia akizungusha macho, akitafuta kitu cha kumpimia. Nyuma ya meza ya kuuzia palikuwa na mkeka, sinia la pilau, na Mzee Hamadi ameshanawa mikono.

"Karibu, kijana. Kula."

Masikio ya Sibomana yakawaka moto. "Unisamehe, mzee. Mi siwezi kula mbele ya mutu. Kwetu mutu mukubwa akionekana anatafuna, ni haya."

"Na kwetu mugeni akikataa chakula yangu, ni matusi. Sasa?"

Sibomana akauangalia mlango, akaliona akilini kasia la kaka yake. Akaangalia rafu, akaona jora la kitenge chekundu.

"Niazime ile, mzee."

Akalikunjua, akajifunika gubigubi, yeye na sinia lote. Mzee Hamadi akabaki nje na tonge moja mkononi.

Humo gizani pilau ilikuwa tamu, lakini udadisi ulimwasha kuliko pilipili. "Mzee, unapima nini? Ukubwa wa tonge?"

"Kula, we!"

Hapo akaingia kwa mlango wa nyuma Mukankusi, mama mwuza maharage kutoka Kanama, ambaye sauti yake soko zima linaijua. Akasimama ghafla. "Yesu Maria! Hiyo kilima nyekundu inatafuna!"

"Si kilima, mama, karibu!" Sibomana alimeza bila kutafuna. "Ni kitenge. Gusa, iko muzito. Mi niko ndani nakula. Unaniona?"

"Sikuoni hata pua!"

"Basi mvua ya Kanama itakuona wapi? Bwana yako akikasirika, atakupata wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Toka huko, unipimie vazi moja."

"Bon, ninatoka. Ngoja nipanguse mudomo."

Akatoka, akapima, akakata. Mukankusi akalipa, akakikumbatia kitenge.

"We Mukankusi," Mzee Hamadi alisema, "si nilikutuma uingie uulize bei tu, kama kwa wale wengine?"

"Ulinituma, lakini sasa ninaitaka!"

Sibomana akashtuka. "Wale wengine walifanya nini?"

"Waliendelea kula," alisema mama. "Mumoja alinionyesha mukono, ati nisubiri anyonye mufupa."

"Ni hiyo tu nilitaka kujua," alisema Mzee Hamadi. "Nani ataacha tonge kwa ajili ya muteja. Kesho uje mapema, kazi ni yako. Lakini upunguze uongo, kijana. Hiyo kitenge mvua inapita ndani."

Mukankusi, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akageuka, akarudi, akakiweka kitenge mezani.