Simbilisi Tulioambiwa Wote ni Majike

Mwaka tuliohamia mtaa wa Pioneer, Eldoret, bosi wa mume wangu kiwandani alipewa uhamisho wa kwenda Mombasa, na kabla ya kuondoka akatuachia simbilisi wawili ndani ya katoni ya sabuni. Binti yetu, aliyekuwa darasa la tatu, aliwapenda papo hapo wanyama wale wasio na mkia, wanono kama sungura wachanga. Mimi niliuliza jambo moja tu: kuna dume hapo? Mume wangu akasema mke wa bosi amemhakikishia kwamba wote ni majike.

Mvua haijaanza, yule mwenye baka jeupe mgongoni akavimba tumbo. Akazaa watatu, wakatoka na manyoya yao, macho wazi, na kesho yake walikuwa wakitafuna majani ya sukuma wiki. Binti yangu hakutaka hata kwenda shule. Mume wangu alicheka akasema nyumba imebarikiwa. Mimi nilikuwa nikimtazama yule "jike" wa pili, aliyempanda mzazi kabla hajamaliza kuwalamba watoto wake.

Nikamwomba mume wangu atengeneze kizimba kingine tuwatenge. Mbao tulikuwa nazo. Akasema Jumamosi. Jumamosi ikaja na harambee, nyingine ikaja na wageni, na ya tatu alisema mgongo unamuuma. Jioni, redio ilipowahimiza wananchi wapange uzazi, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, na huko nyuma ya jikoni simbilisi wanapiga miluzi ya njaa.

Njaa hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilifundisha kutwa, nikirudi nakata nyasi, nabadilisha matandiko yaliyolowa, na baridi ya Eldoret ikizidi nawaingiza wote jikoni. Mume wangu kazi yake ilikuwa kuwagawa. Hakuna mgeni aliyetoka kwetu mikono mitupu. Binamu yake wa Kimumu alimpeleka simbilisi wake nyumbani, mbwa akamuua siku hiyohiyo, na mume wangu akanisimulia kama kichekesho.

Kisha jirani yetu, mama mwenye duka hapo kona, akaja na kikapu kilichofunikwa kwa leso.

"Mwalimu, mimi nilipewa mmoja," akasema. "Sasa wako wanne."

Nikamuuliza kama alimweka na mwingine.

"Nimweke na nani? Kwangu kuna kuku tu. Hii mimba imetoka hapa kwenu."

Yule tuliyempa alikuwa hata hajakua vizuri. Aliyempa mimba alikuwa baba yake au ndugu yake. Nikapokea kikapu, na kesho yake nikawabeba wote, hao na wa kwetu, hadi ofisi ya mifugo mjini. Daktari aliwageuza mmoja mmoja kiganjani, akanionyesha dume anavyotambulika. Akasema watoto wa kiume waondolewe kwa mama yao kabla ya kutimiza mwezi, na jike aliyezaa anaweza kushika mimba siku ileile. Alipofika kwa mwenye baka jeupe, akampapasa tumbo.

"Huyu ana mimba tena, na amekonda. Mmemchosha."

Nilipomweleza mume wangu, alisema daktari lazima aseme kitu, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Mwenye baka jeupe alianza uchungu Jumapili asubuhi. Mtoto mmoja alikwama. Binti yangu alikaa naye sakafuni akimpapasa masikio, akiniuliza tumsaidie vipi, nami nilikuwa sijui. Mwenye baka alikufa kabla ya adhuhuri. Mume wangu aliporudi kutoka kanisani alitukuta kando ya ua tukimfukia.

"Mweleze mtoto wewe," nikamwambia. "Mweleze kwa nini misumari ilikushinda."

Alisimama hapo na suti yake. Alivua koti, akaenda kutafuta nyundo.

Kizimba kilitoka kimepinda, lakini kiliwatenga. Hata hapo hatukupumzika: madume wakinusa majike walipigana hadi damu, ikabidi tuongeze vyumba. Nikatangaza kwamba hakuna atakayechukua simbilisi kabla sijaona atakapomlaza. Ndugu za mume wangu wakasema mwalimu ana madharau. Ni mwalimu mwenzangu wa Kesses tu aliyenipeleka kwake nikaona kizimba chenye nyasi kavu na kufuli; nikampa majike wawili, niliowageuza mwenyewe mara mbili.

Waliobaki walizeeka na kufa mmoja mmoja, binti yangu akiwalisha hadi wa mwisho. Mume wangu aliendelea kuwaambia wageni jinsi nyumba yetu ilivyobarikiwa miaka ile, wanyama wakazaana wenyewe bila taabu. Akianza hadithi hiyo mimi nilikuwa nainuka, naenda jikoni kuosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa.