Panda Kinachokufa

Lori la miwa lilikwama matopeni kabla ya kufika Ramisi. Dereva akashuka, akalitazama gurudumu, akawaambia abiria wake, mgeni mmoja na jogoo aliyefungwa miguu, kwamba trekta litakuja kuwavuta leo au kesho, Mungu akipenda. Kisha akajilaza chini ya lori na kujifunika kofia usoni.

Mgeni alikuwa mtu wa safari. Alikuwa amelala Basra na Bombei na Bukoba, na kila alipolala alijifunza kuomba maji kwa lugha ya hapo. Upande huu wa Msambweni hakuwa ameukanyaga. Alifuata kijia kutafuta kivuli, na jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa minazi. Ilikuwa michanga, imeanza tu kuzaa, nayo imepangwa mistari iliyonyooka mpaka macho yakachoka. Pwani aliyoijua yeye haina mistari. Mnazi husimama pale alipozaliwa mtu, na watu hawazaliwi kwa mstari.

Katikati ya mistari hiyo palikuwa na nyumba ya udongo na makuti, na mzee mmoja alikuwa aking'oa mlango wake.

"Hodi hapa! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ungekuja kesho usingepiga hodi, mlango usingekuwapo."

Mzee huyo aliitwa Chirau wa Randu. Aliuweka mlango chini, akanawa mikono, akampakulia mgeni muhogo aliokuwa ameuchemsha. Ulikuwa muhogo chukuchuku, maji na chumvi tu, bila tone la tui. Mgeni alitafuna, akatazama minazi, akatazama sahani.

"Mzee, niwie radhi. Katikati ya minazi yote hii, muhogo mkavu?"

"Minazi unaiona," Chirau alisema. "Nazi huzioni."

Kisha akamweleza, huku akikunja vitu vyake. Hakutaka kuhurumiwa. Alitaka tu mtu mmoja asiyemjua alisikie jambo lile tangu mwanzo, kwa kuwa wote waliomjua walikuwa wamelisikia kuanzia mwisho.

Shamba lile lilikuwa la ukoo wa mama yake. Kwa Wadigo wa desturi ya zamani, ardhi hupita kwa upande wa mama: mjomba huitunza, mpwa huirithi. Kwa hiyo Chirau hakupata kujiita mwenye shamba hata siku moja. Alikuwa mlinzi. Mwenyewe hasa alikuwa Tsuma, mtoto wa dada yake Mwanatumu, ambaye wakati huo alikuwa kijana akikata miwa Ramisi, na shamba nyuma yake likaota magugu.

Hayo magugu ndiyo yaliyomtia Chirau hofu. Serikali ilikuwa na neno lake: ardhi isiyolimwa ni pori, na pori ni la Mfalme. Wenzake wawili wa upande wa Galu walikuwa wamelisikia neno hilo wakiwa wamesimama juu ya makaburi ya babu zao. Basi mwaka wa arobaini na tisa, Mzungu mmoja aitwaye Feltoni alipokuja kuomba kukodi shamba alime miwa kwa miaka kumi, Chirau aliona ni mlango umefunguliwa. Shamba litalimwa. Hakuna atakayeliita pori. Miaka kumi ikiisha, Tsuma atakuwa mtu mzima, atalipokea likiwa safi.

Feltoni hakuwa Mzungu wa matusi. Kiswahili alikuwa amejifunzia Unguja, na aliamkia wazee. Siku ya kwanza, kwa haraka ya adabu, aliacha kiti alichowekewa akakalia mbuzi ya kukunia nazi waliyoiacha wanawake, meno ya chuma yakimchungulia kati ya magoti. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Tangu hapo akaitwa Bwana Mbuzi, naye alipoelezwa alicheka kuliko wao. Mtu kama huyo ni vigumu kumchukia.

Walipatana mbele ya ngambi, baraza la wazee wa kijiji. Mzee Nzai, mkubwa wao, alimwambia Chirau atoe sharti la desturi, na Chirau akalitoa kwa sauti ya kutosha: "Panda kinachokufa. Kisichokufa usipande."

Feltoni aliuliza maana, wakamfahamisha. Muhogo hufa, mpunga hufa, miwa huchomwa ikafa. Mnazi haufi, humzika aliyeupanda na mwanawe. Na kwa watu wa hapa, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Anayepanda mnazi kwenye shamba la mtu, naye mwenye shamba akanyamaza, basi mnazi ni wake, na njia ya kuufikia ni yake, na pale nazi inapoangukia hapalimwi bila idhini yake. Ndiyo maana mgeni hapewi ruhusa ya kupanda mti, hata akiwa mkwe.

"Nimefahamu," Feltoni alisema. "Sheria nzuri."

Miaka miwili alilima miwa, wala hakuna aliyelalamika. Kisha, masika ya mwaka wa hamsini na moja, njia ya Msambweni ilikatika kwa mafuriko na mke wa Feltoni akashikwa na uchungu. Mkunga aliyekuwapo ni Mwanatumu. Alikwenda na kanga zake na maji ya moto, akamtoa mtoto wa kike salama. Kitovu kilipodondoka alikifunga kwenye kitambaa, akatoka nacho kama alivyofanya kwa kila mtoto aliyempokea, kwenda kukizika.

Feltoni alimfuata. Alivua kofia, akaja mpaka kwenye baraza ya Chirau, ambako wazee wanne walikuwa wakinywa kahawa, akasema: "Shikamooni. Nimesikia kwenu mtoto asiye na mnazi hana pa kurudi. Wangu amezaliwa hapa. Nifanyeje?"

Wazee walitazamana. Mzungu anauliza! Chirau alihisi kifua kikimpanuka.

Mwanatumu alimvuta kando. "Nitakizika chini ya mnazi wangu, nyuma ya jiko. Mti upo, umekua. Mtoto atakumbukwa, na sisi tutabaki na mnazi wetu."

"Dada, kitovu cha mtoto wa watu kizikwe kwenye mti wa kuazima?"

"Ni Mzungu, Chirau. Atarudi kwao."

"Amezaliwa mikononi mwako."

"Wengi wamezaliwa mikononi mwangu. Sikuwagawia mashamba."

"Mti mmoja, dada! Atuone wanyimivu, na wazee wanatazama?"

Mwanatumu alimkabidhi kile kitambaa. Chirau alichagua nazi iliyochipua vizuri kuliko zote, akaichimbia shimo mwenyewe kwenye pembe ya shamba, akakizika kitovu, akaipanda nazi juu yake, akasoma Fatiha. Feltoni alisimama ameinamisha kichwa. Wazee walisema, huyu sasa ni mtu wa hapa.

Masika yaliyofuata, karibu na mche ule ilionekana miche mingine, mstari mmoja, kutoka pembe hadi pembe.

Tsuma, aliyekuwa amekuja mapumziko, aliiona akarudi nyumbani kuchukua panga.

"Unakwenda wapi?" Chirau alimwuliza.

"Kung'oa. Ulimwambia apande kinachokufa."

"Nitazungumza naye."

"Mjomba, miche haingoji mazungumzo. Hii ni kazi ya panga."

"Kaa kitako! Utang'oa mti ulio ubavuni mwa kitovu? Mtoto akiugua kesho, utasema nini?"

Alikwenda kuzungumza, kweli. Feltoni alimpokea kwa chai na mtoto magotini. Alisema mnazi mmoja peke yake huliwa na chonga, yule mdudu mwenye pembe kama ya kifaru. Ukiwa na wenzake hustahimili. Tena mtoto alikuwa ameanza kusema, na neno lake la Kiswahili la kwanza lilikuwa "Babu", akimwambia Chirau. Chirau aliinywa chai ile na kurudi nyumbani na maneno yake yote tumboni, hayajatoka. Unamwendeaje mtu kwa panga ilhali mtoto wake anakuita babu? Alijiambia atasema mwaka ujao. Mwaka ujao mistari ilikuwa imeongezeka, na mtoto alikuwa amejifunza kumletea maji ya kunawa.

Miwa ikapungua, minazi ikapanda. Kila mpita njia aliiona. Chirau aliiona kuliko wote.

Miaka kumi ilipotimia, Tsuma aliacha kazi Ramisi akaja na mke wake Kadzo na majembe mawili mapya. Feltoni hakukataa kuondoka. Alisema jambo dogo tu, kwa Kiswahili chake kisafi: shamba ni lenu, nami naliacha, minazi ni ya binti yangu, kwa desturi yenu wenyewe. Ngambi ikaitwa, na afisa mmoja wa serikali akaja kusikiliza, kwa kuwa mmoja wa wenye shauri alikuwa Mzungu.

Walikaa kwenye baraza ya Mzee Nzai. Afisa alisema yeye hana sheria ya kuleta pale. Ataandika yatakayosemwa na wazee. Kisha akauliza swali moja. Mnazi wa kwanza ulipandwa na nani, na kwa ridhaa ya nani?

Wazee wanne waliokunywa kahawa siku ile, watatu walikuwa wameshazikwa, na wa nne alikuwa amepotewa na akili. Shahidi aliyebaki alikuwa Mwanatumu, naye alikuwa ametazama chini. Tsuma alijiinamisha sikioni mwa mjomba wake.

"Sema hukumbuki. Umezeeka, hakuna atakayekulaumu. Sema hukumbuki, mjomba, nakuomba."

Chirau alijua neno lile lingetosha. Alimtazama Feltoni, akamtazama Nzai, ambaye walisoma Kurani pamoja chuoni na kuchapwa kwa fimbo moja.

"Niliupanda mimi," alisema. "Kwa mkono wangu. Nikausomea Fatiha."

"Na mingine?" Nzai aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe uongo. "Uliikataza?"

"Niliiona."

"Uliikataza?"

"Nilinyamaza."

Nzai alisema lile lililosemwa na baba yake na babu yake: aliyepandiwa mti ni mwenye mti, na aliyenyamaza mpaka mti ukazaa ameridhia. Shamba ni la Tsuma. Minazi ni ya mtoto, na njia zake, na pale zinapoangukia nazi. Na kwa kuwa mistari ilikuwa imelijaza shamba lote, hapakubaki pa kutia jembe ila kijia cha kupita mwenye shamba.

Mwanatumu alinyanyuka, akajifunga kanga yake. "Hongera, Chirau," alisema mbele ya watu. "Hukusema uongo. Sasa wapwa zako watakula huo ukweli, na wataula bila tui."

Hakuna aliyemtukana zaidi ya hapo. Nyumba aliachiwa. Lakini asubuhi ya pili Tsuma alipita mbele ya baraza, jembe jipya begani, akielekea tena Ramisi kukata miwa ya watu. Alipita hatua tatu kutoka kwa mjomba wake. Hakusema shikamoo. Chirau alikuwa ameshafungua kinywa kuitikia.

"Nimezunguka sana," mgeni alimwambia mzee. "Nimeona ardhi zikichukuliwa kwa bunduki."

"Bunduki ina heri," Chirau alisema. "Ukipokonywa kwa bunduki, wapwa zako hukulilia."

Alikuwa akienda bara, upande wa Kinango, kwa ndugu za baba yake, watu wa mifugo, waliokubali kumpa kipande cha kulima. Alijitwisha mlango, akachukua sufuria na jembe. Hapo ndipo Feltoni alipotokea kati ya mistari, kwa miguu, kofia mkononi, akiburura gunia.

"Shikamoo, Mzee Chirau. Nimesikia unasafiri. Binti yangu amekuchagulia nazi za mbegu, za mti wake. Ukapande huko uendako, upate pa kumkumbuka."

Hapakuwa na kejeli usoni mwake. Chirau alimchunguza aione, apate hasira ya kuondoka nayo, asiione.

"Mwambie mjukuu wangu nimeshukuru," alisema. "Lakini huko niendako, bwana, mimi ni mgeni. Nimepewa kulima, na nimepewa sharti."

"Sharti gani?"

"Wewe unalijua. Nilikupa mimi."

Wekundu ulimpanda Feltoni kutoka kwenye kola mpaka masikioni. Akaivaa kofia, akaivua tena.

Chirau alimgeukia mgeni. "Muhogo umebaki chunguni. Mvua ikija, sogea upande wa jiko, huku kunavuja. Nisamehe kwa mlango."

Akashika njia. Mlango kichwani mwake ulionekana kwa muda mrefu ukipita kati ya minazi, ukiinama kila alipokwepa kuti, kwa kuwa makuti yalikuwa na mwenyewe. Feltoni naye akaondoka, bila gunia. Mgeni alibaki kwenye nyumba iliyo wazi, akingoja trekta, na miguuni pake nazi zilizokwisha kuchipua, ambazo hapakuwa na mtu wa kuzipanda.