Panya Weupe wa Golf

Juzi niliona panya weupe wakiuzwa mjini kuwa chakula cha nyoka, na harufu ya maranda yenye mkojo ikanirudisha utotoni, mtaani kwetu Katuba. Mama aliwafuga nyumbani na kumuuzia bwana mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, aliyechoka kununua wa dukani. Mimi niliamini wanakwenda kuishi kwenye villa yake.

Alasiri moja bwana alipokuja na kikapu, nilimpa jike niliyempenda kuliko wote.

"Huyu iko muzuri kupita bote, papa. Umuchunge."

Akacheka. "Nyoka yangu itafurahi."

Nilimgeukia mama. "Mama, ulikuwa unajua?"

Hakuacha kufagia. "Unawaza tunakulaka nini mu hii nyumba?"

Jioni ile nilisusa bukari, ugali wetu. Kesho yake nilikula, kisha nikaenda kuwalisha waliobaki.