Matundu Kumi na Mawili ya Kasri

Pale kasrini walimwita Bi Mwiko, maana kwenye kupiga lipu mkono wake haukuwa na mchezo. Alifundishwa na mjomba wake, na sasa, akiwa amevuka hamsini, ndiye aliyeitwa kila jumba hilo kongwe la kando ya ziwa lilipopata ufa.

Lilijengwa na mfalme mmoja kwa mawe na chokaa, ghorofa mbili, veranda pana ikitazama maji. Baada ya wafalme likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Ila lilikuwa na kidonda kimoja: katika ukumbi wa wageni, ukuta wa upande wa ziwani ulivimba kwa unyevu kila mwaka. Bi Mwiko alikwishaukwangua na kuupiga lipu mara tisa. Mara tisa doa lilirudi, kubwa kuliko mwanzo.

"Safari hii tupige saruji nzito, yaishe," alisema msimamizi wa makumbusho, kijana mstaarabu asiyependa kusubiri.

"Mwanangu, nipe siku mbili. Nataka kwanza nijue maji yanatoka wapi."

Kilichomkera ni kwamba waliolijenga hawakuwa wajinga. Kasri limesimama zaidi ya miaka mia, hatua thelathini tu kutoka majini. Wangesahauje unyevu? Nyumbani alilitafuna swali hilo mpaka mumewe, fundi cherehani, akamuuliza, "Hivi umeolewa na mimi au na ule ukuta?"

Asubuhi aliugonga ukuta kwa ngumi. Ukalia kama debe tupu. Akachomoa jiwe moja taratibu, akapitisha mkono, usiguse kitu. Kumbe zilikuwa kuta mbili, na kati yake uwazi wa upana wa kiganja. Hewa ya humo ilikuwa nzito, ikinuka kama nguo zilizokunjwa mbichi.

Akapanda mpaka chini ya paa. Huko akakuta matundu madogo yamepangwa mstari. Hewa ilitokea hapo, sawa. Basi iliingilia wapi?

Akatoka nje, akafunua maua yaliyoota kando ya msingi. Chini kabisa ya ukuta aliona viraka kumi na viwili vya saruji, vya mviringo, na katikati ya kila kimoja alama ya kidole gumba. Alipoweka gumba lake, lilitoshea. Ndipo akakumbuka.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Makarani wa ofisi walilalamikia panya, na mjomba akamwambia azibe kila tundu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake. Alirudi nyumbani siku ile kichwa juu.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini alijikung'uta vumbi akaenda ofisini.

"Ugonjwa wa ukuta nimeupata. Kulikuwa na matundu ya kuingiza hewa, yakazibwa."

"Na mtu gani huyo asiye na akili?"

"Mimi."

Msimamizi alivua miwani. "Samahani, mama," alisema. "Twende ukanionyeshe."

Waliyazibua kwa patasi, wakaweka wavu wa kuzuia panya. Bi Mwiko akakataa kupiga lipu mpaka ukuta ukauke wenyewe. Miezi mitano wageni walinung'unikia mawe matupu. Mvua zilipokwisha alilaza shavu lake ukutani: pakavu. Ndipo akapiga lipu, ya chokaa kama ya zamani, akaacha sehemu moja wazi na kuifunika kwa kioo, watu wazione kuta mbili. Huwaeleza wageni mwenyewe, pamoja na nani aliyeziba. Wakicheka, naye hucheka.

Siku hizi msimamizi akimkosa, humtafuta chini ya ngazi za nyuma. Kuna mlango mdogo pale ambao ukiufungua unakutana na jiwe tupu, na Bi Mwiko bado hajajua aliyeuweka alitaka kwenda wapi.