Akoth, Mstari Ule Niliufuta Mimi

Achieng, binti yake Akoth, alinipigia simu asubuhi ya leo kutoka mtaa wa Pioneer. "Mzee Karanja, Mama ametuacha." Chai yangu imepoa hapa mezani na maneno hayo bado hayajaniingia.

Akoth? Jumapili tu alinicheka kwa simu kwa sababu sasa natembea na fimbo. "Karanja, umeongeza mguu wa tatu na bado hufiki popote!"

Wengi wenu mlimjua kama mama wa taipureta karibu na soko, yule wa kuwaandikia watu barua. Mimi nilimjua kabla ya hapo. Nilimjua akiwa na kazi nzuri.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Tulikaa chumba kimoja katika ofisi ya ushirika wa wakulima hapa Eldoret. Ofisi ikanunua kompyuta yake ya kwanza, tukakabidhiwa sisi wawili.

Kila barua ilikuwa faili peke yake, na kila faili ilibeba margin zake za pembeni, anwani na majina ya viongozi. Mwenyekiti akibadilika, nilifungua faili moja moja, nikifuta na kuandika upya. Akoth alinitazama siku mbili. Ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Ai, Karanja! Unapalilia shamba zima na kijiko?"

Akatengeneza faili moja, akaiita KICHWA. Settings zote za pamoja zikahamia humo: margin, anwani, majina, na chini kabisa kaulimbiu ya chama tawala, ambayo hakuna barua ingethubutu kutoka bila yake. Kila barua ikabaki na mstari mmoja tu juu, wa kuita KICHWA. Ukirekebisha pale, barua zote zinanyooka.

Aliweka sheria moja. Ukigusa KICHWA, andika humo jina lako na sababu, katika mstari unaoanza na nukta mbili zilizofuatana. Mstari kama huo ulionekana kwa screen lakini haukuchapwa. "Karatasi ni ya wageni," alisema. "Nukta mbili ni zetu."

Sasa nisomeni polepole. Mapafu yangu yamechoka, daktari ameshaniambia ukweli wake, na huu wangu sitaki kwenda nao.

Siku moja barua ya wakulima wa eneo la Ziwa ilizidi ukurasa kwa mstari mmoja. Karatasi zilikuwa haba. Nikafungua KICHWA, nikaondoa kaulimbiu, nikaandika: ".. Karanja. Nimetoa mstari wa chini, nitarudisha." Nikachapa. Kisha gari la kwenda Chepsaita likapiga honi nje, nikatoka mbio kwenda mkutano.

Sikurudisha.

Mchana huo Akoth alichapa mialiko ya sikukuu ya taifa. Aliiamini KICHWA, kwa hivyo hakusoma chini. Mialiko ikaenda mjini yote, hadi ofisi za serikali.

Kesho yake nilipofika, askari wa lango alininong'oneza, "Wanaume wawili wa makoti, wale wa usalama, wako kwa meneja. Na Akoth."

Chumba chetu kilikuwa kitupu. Ningeweza kubisha mlango wa meneja na kusema maneno mawili. Badala yake nilikaa kwa kompyuta, nikafuta mstari wenye jina langu, nikarudisha kaulimbiu. Nilidhani nimezima moto.

Wakaja wote. Meneja akafungua KICHWA na kaulimbiu ikaonekana pale, nzima.

"Faili iko sawa," akasema mmoja wao. "Kwa hivyo mama, wewe uliiondoa kwa mialiko yako makusudi?"

Mungu wangu! Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa kurekebisha KICHWA nilikuwa nimemfunga yeye.

Akoth alitazama screen, kisha akanitazama mimi. "Kuna mtu amerudisha," akasema.

"Nani?"

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Walikaa naye siku tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, na kazi haikuwepo tena. Mimi nilibaki na kiti changu hadi pensheni.

Miaka yote hiyo nilijiambia hajui. Alikuja arusi za watoto wangu. Alinizikia mke wangu, akapika ugali wa matanga na mikono yake mwenyewe. Nikasema, hajui.

Leo Achieng, kabla ya kukata simu, aliniambia, "Mzee, nikitafuta kitambulisho cha Mama nimepata mwaliko wa zamani ndani ya Biblia yake. Nyuma ameandika kwa kalamu, na kuna jina lako. Nikusomee?"

Alikuwa amenakili mstari wangu neno kwa neno. Aliuona kwa screen asubuhi ile, kabla ya wale wanaume kumwita. Chini yake, kwa sheria yake mwenyewe, jina na sababu:

".. Akoth. Nimenyamaza. Karanja ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya."

Nimeangusha simu. Nimeiokota, naandika haya na kidole kimoja.

Achieng, nitakuja matangani hata kama ni kubebwa, na nitayasema haya nimesimama. Ukinifukuza, una haki.

Akoth, rafiki yangu, nimetii sheria yako nikiwa nimechelewa mno. Karanja. Nilifuta mstari, nikakuacha ubebe. Sababu: uoga. Safari hii sikuweka nukta mbili mbele, ili kila mtu asome.

Lala, mama. Jina lako ni safi.